Istilahi za Gari Kongwe la Dizeli

Utangulizi

Watu wengi hufikiri kwamba kuunda istilahi ni kazi ya kukaa mezani na kamusi mbili, moja ya lugha ya kigeni na moja ya Kiswahili, na kutafuta neno la upande huu litakalolingana na neno la upande ule. Fikira hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini sehemu tu. Istilahi ya ufundi hupimwa mahali pengine. Hupimwa pale mtu anapoisoma, akainuka, akaenda kutenda jambo kwa kuifuata. Akitenda sawasawa, istilahi imefaa. Akiharibu kitu, istilahi ina kasoro, hata kama imeundwa kwa Kiswahili cha kupendeza.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni gari dogo la familia lenye injini ya dizeli na lililokwisha kupata umri. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, gari la namna hiyo laweza kudumu miaka 40 na zaidi, ila kwa sharti kwamba mwenyewe na fundi wake wanaelewana kwa maneno yasiyo na utata. Pili, injini ya dizeli hutofautiana na ya petroli kwa mambo machache lakini makubwa, na maneno mengi tuliyo nayo yalizoeleka kwanza katika magari ya petroli. Tatu, mafundi waliojifunza injini hizi kwa Kiswahili katika gereji za chini ya mwembe wanazidi kuzeeka, na sehemu kubwa ya msamiati wao haijaandikwa popote.

Gari linalozungumziwa

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue gari moja mahsusi: Mercedes-Benz 240 D ya aina ambayo kiwandani iliitwa W123. Mwandishi wa makala haya analo la namna hiyo, na hulitumia kila siku kupeleka watoto shuleni na kwenda kazini. Magari ya W123 yalitangazwa Januari 1976, na utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa 1986. Katika muda huo yalitengenezwa karibu 2,700,000, ukijumlisha ya petroli na ya dizeli, ya milango minne, ya milango miwili na yale marefu ya kubebea mizigo.

Gari la 240 D lina silinda nne zenye ujazo wa lita 2.4 kwa jumla. Hapo mwanzo lilikuwa na nguvu za farasi 65, na tangu 1978 nguvu hizo ziliongezwa kuwa 72. Hata baada ya nyongeza hiyo, gari huchukua sekunde zipatazo 22 kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Basi haliwezi kusifiwa kwa mbio. Sifa yake ni kudumu. Dereva mmoja wa teksi nchini Ugiriki aliendesha 240 D ya mwaka 1976, ya umbo lililotangulia W123, mpaka ikafikisha kilomita 4,600,000, na mwaka 2004 gari hilo likapelekwa katika makumbusho ya kiwanda. Lakini yafaa kukumbuka kwamba safari hiyo haikukamilika kwa chuma peke yake. Injini zilifunguliwa, zikatengenezwa na kubadilishwa kwa zamu. Gari lilidumu kwa kuwa lilitunzwa.

Hapa pana jambo la lugha lisilofaa kupitwa. Nchini Ujerumani magari haya ya dizeli yalikuwa ndiyo teksi za kawaida, yaliyopakwa rangi ya pembe ya ndovu. Katika Afrika ya Mashariki, kwa upande mwingine, jina la Benzi lilikwisha kuwa alama ya wakubwa. Baada ya uhuru watu waliunda neno Wabenzi, kana kwamba wenye magari hayo ni kabila jipya. Neno hilo halikutoka katika kamati yoyote. Jina la kigeni liliingizwa katika ngeli ya watu, likapata umoja na wingi, na kila aliyelisikia alielewa mara moja lilikuwa na maana gani na lilikuwa na kejeli kiasi gani. Hiyo ndiyo nguvu ya ngeli zetu, nayo hufanya kazi vivyo hivyo kwa majina ya vyuma.

Kongwe, kuukuu, chakavu na mkweche

Kabla ya kufungua boneti, yatupasa kwanza kuliita gari lenyewe kwa neno linalolistahili. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kusifia kitu cha zamani, nayo si sawa.

Kitu kongwe ni kile kilichopata umri mkubwa, na neno lenyewe hubeba heshima. Kitu kuukuu kimetumika mpaka upya wake umekwisha, ingawa huenda bado kinafaa. Kitu chakavu kimelika na kupoteza ubora. Mkweche ni gari bovu linalokwenda kwa taabu na kelele. Gari la mwaka 1982 lililotunzwa ni gari kongwe. La mwaka huo huo lililotupwa kwenye mvua ni gari chakavu. Na laweza kuwapo gari la miaka sita tu ambalo tayari ni mkweche.

Tofauti hii si ya kujipamba kwa maneno. Watumishi wa serikali huandika nyaraka za ukaguzi, za ushuru na za kuuza mali ya umma, na mara nyingi maneno umri na uchakavu hutumika humo kana kwamba ni neno moja. Umri huhesabiwa kwa kalenda, lakini uchakavu hupimwa kwa kukagua. Chukua mfano wa Kenya, ambako kiwango cha taifa huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8. Kanuni hiyo inapima umri. Mfasiri akiieleza kuwa inazuia magari chakavu, ameibadili sheria, kwa maana msomaji ataamini kwamba gari la miaka 12 lililo zima laweza kuruhusiwa, na la miaka 5 lililochakaa laweza kukataliwa. Inashauriwa basi kwamba katika nyaraka rasmi neno umri litumike pale miaka inapohesabiwa, na neno uchakavu liachiwe hali ya gari kama ilivyokaguliwa.

Namna injini ya dizeli inavyowaka

Neno dizeli limetokana na jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake iliyofanikiwa ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Jina la mtu likawa jina la injini, kisha likawa jina la mafuta yanayochomwa na injini hiyo. Gari dogo la Mercedes-Benz lenye injini ya namna hii, 260 D, lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1936.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda, kisha cheche ya umeme kutoka kwenye plagi huuwasha. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake huingia katika silinda, na pistoni inapopanda huibana mpaka iwe sehemu moja ya 21 ya nafasi iliyokuwa nayo kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto kali la mamia ya nyuzi. Ndipo nozeli inapopuliza dizeli kwa matone membamba kama ukungu, nayo huwaka yenyewe kwa kukutana na joto hilo. Mlio mzito wa kugongagonga unaosikika gari linaponguruma mahali pamoja hutokana na mwako huo wa ghafla. Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga nafaka ya dizeli huutambua mlio huo bila kuonyeshwa.

Asubuhi, chuma kikiwa baridi, joto la kubana huenda lisitoshe. Kwa sababu hiyo kila silinda ina plagi ndogo ambayo hupashwa moto kwa umeme wa betri kabla ya kuwasha. Dereva hugeuza ufunguo nusu, husubiri taa ya dashibodi izimike, ndipo hupiga stata. Kusubiri huko ni sehemu ya adabu ya gari hili, na mwenye haraka hulichosha betri bure.

Tatizo la istilahi linaanzia hapo. Neno plagi peke yake lina maana zisizopungua tatu: kile cha kutoa cheche katika injini ya petroli, kile cha kupasha joto katika injini ya dizeli, na kile cha kuchomeka waya wa umeme ukutani. Gereji zimekwisha tanzua jambo hili kwa kusema hita plagi kwa kile cha dizeli. Kwa maandishi rasmi yapendekezwa plagi ya joto na plagi ya cheche, huku hita plagi ikitajwa kuwa jina la gereji. Mwenye gari la dizeli akiandikiwa kwamba plagi zake hazitoi cheche, na ajue mara moja kwamba aliyeandika hakulifungua gari hilo.

Neno mafuta na hatari yake

Sasa tufikie neno ambalo ndilo hasa lililosababisha kuandikwa kwa makala haya. Neno mafuta ni la zamani na ni pana. Tuna mafuta ya kula, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, mafuta ya nazi na mafuta ya ndege. Upana huo hauna madhara jikoni, kwa sababu hakuna anayekaangia samaki mafuta ya ndege. Ndani ya gari mambo ni tofauti, kwa sababu gari moja lina vimiminika vingi ambavyo vyote vimepewa jina hilo moja.

Katika dashibodi ya 240 D kuna duara moja lenye mishale mitatu. Mmoja huonyesha joto la maji, mwingine huonyesha kiasi cha dizeli kilichobaki katika tangi, na wa tatu huonyesha shinikizo la oili ndani ya injini. Tufikirie kijana aliyeazima gari la baba yake, akampigia simu akiwa njiani:

“Baba, mshale wa mafuta umelala.”

“Nenda polepole, mwanangu. Mbele hapo kuna kituo cha mafuta.”

Iwapo mshale uliolala ni wa dizeli, jibu la baba ni sahihi. Iwapo ni wa oili, jibu hilo limeiua injini. Shinikizo la oili likipotea, vyuma husagana vikavu, na kilomita mbili au tatu zatosha kuharibu kazi ya miaka 40. Ilipasa kijana aambiwe azime injini pale pale. Wote wawili walizungumza Kiswahili fasaha na hakuna aliyekosea sarufi. Kosa limo katika neno lenyewe.

Gereji, kwa mara nyingine, zimetutangulia. Fundi husema oili kwa kile cha kulainisha injini, na dizeli au petroli kwa kile cha kuchomwa. Wafasiri wengine huliona neno oili kuwa ni la kukopa mno, wakarudi kwenye mafuta, au wakaandika mafuta ya injini. Maneno hayo mawili yanaweza kueleweka kuwa mafuta yanayoiendesha injini, yaani dizeli yenyewe. Hapo tamaa ya kuandika Kiswahili safi imerudisha utata ambao watumiaji wa lugha walikwisha kuuondoa. Neno vilainisho linafaa kama jina la jumla la oili na grisi, hasa katika vitabu vya shule na nyaraka za ununuzi, lakini halichukui nafasi ya oili, kwa kuwa mtu hanunui kilainisho bila kujua ni kipi.

Jambo lenye hatari kubwa zaidi ni lile liitwalo mafuta ya breki. Kimiminika hicho, katika gari hili na katika mengi mengine, si mafuta kabisa. Kimetengenezwa ili kisidhuru mipira iliyomo katika mfumo wa breki. Mtu akilisadiki jina, akamimina oili kidogo kujaza kilichopungua, mipira ile huvimba na kulegea, na breki zaweza kushindwa kufanya kazi mteremkoni. Mafundi husema breki fluidi. Mkopo huo hauna uzuri masikioni mwa wengine, lakini haujamdanganya mtu. Tafsiri yetu ya Kiswahili, ijapokuwa ni nyepesi kutamka, hudanganya. Inapendekezwa kwamba maandishi rasmi yatumie kiowevu cha breki, neno ambalo wanafunzi wa sayansi wanalifahamu, na kwamba breki fluidi likubaliwe kuwa kisawe chake. Mafuta ya breki yafaa yaachwe.

Rangi za moshi

Gari kongwe la dizeli husema na mwenyewe kwa moshi. Anayeujua moshi huo huokoa fedha nyingi, kwa maana humweleza fundi dalili kabla injini haijafunguliwa bure.

Moshi mweusi maana yake dizeli iliyoingia ni nyingi kuliko hewa iliyopo. Huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli imechakaa na inadondosha badala ya kupuliza. Moshi wa rangi ya samawati maana yake oili inaungua ndani ya silinda, kwa sababu ringi za pistoni zimelika au mipira ya vali imekauka. Mafundi husema gari linakula oili. Moshi mweupe wa asubuhi unaokoma injini ikipata joto ni dizeli ambayo haijaungua, na mara nyingi dalili hiyo huelekea kwenye plagi za joto. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria kwamba gasketi ya silinda hedi imetoboka na maji yanaingia katika silinda.

Msomaji ataona kwamba rangi ni sehemu ya istilahi hapa. Kijitabu kinachosema tu kwamba gari linatoa moshi mwingi hakimwambii fundi jambo lolote. Kadhalika neno samawati lina shida yake, kwa kuwa wengi husema buluu. Yote mawili yanaeleweka na yote yanafaa, ili mradi kijitabu kimoja kitumie neno moja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kulithamini gari la namna hii hakutupi ruhusa ya kuficha ubaya wake. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu, na injini za zamani hazina vifaa vya kuusafisha. Kwa hiyo mwenye gari ana wajibu wa kulitunza lisitoe moshi ovyo, na asiliache likinguruma ndani ya banda lililofungwa. Onyo hilo nalo linahitaji Kiswahili kinachoeleweka.

Hewa, upepo, na kuzima

Gari la dizeli likiishiwa, kujaza tangi peke yake huenda kusitoshe. Hewa imekwisha kuingia katika mabomba, nayo pampu haiwezi kusukuma hewa kama inavyosukuma dizeli. Fundi hulegeza nati, hupiga pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa, na huendelea mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kazi hiyo huitwa kutoa hewa. Kwa Kiingereza kitenzi kinachotumika ndicho kile cha kutokwa damu, na mfasiri asiyewahi kuiona kazi yenyewe aweza kuandika mambo ya ajabu. Yafaa kutaja pia kwamba wasemaji wametenga maneno mawili kwa uangalifu: upepo hujazwa katika tairi, na hewa hutolewa katika mabomba. Utengano huo uliokuja wenyewe yafaa uhifadhiwe.

Jambo la mwisho ni kuzima. Injini ya petroli huzimwa kwa kukata umeme wa cheche. Ya dizeli haina cheche ya kukatwa, hivyo huzimwa kwa kuinyima dizeli. Katika 240 D, kugeuza ufunguo hufungua njia ya mvuto wa hewa unaovuta kifaa cha kufunga pampu. Mpira wa njia hiyo ukipasuka, dereva hutoa ufunguo, hushuka, na injini inaendelea kunguruma. Husemwa kwamba gari limegoma kuzima. Hapo hufunguliwa boneti na kubonyezwa mkono mdogo ulioandikwa neno la kusimamisha. Kijitabu kinachofundisha kwamba injini huzimwa kwa kukata umeme kitamwacha dereva huyo akifungua nyaya za betri bila faida.

Istilahi zinazopendekezwa

Orodha ifuatayo inatolewa kwa majadiliano. Kila istilahi imefuatwa na maelezo ya kazi yake, kwa kuwa jina bila kazi halimsaidii mtumiaji.

Dizeli: mafuta yanayochomwa ndani ya injini ya dizeli. Neno lisimame peke yake, bila kutanguliwa na mafuta ya.

Oili: kilainisho cha injini au cha giaboksi. Itajwe daima ni ya wapi, mathalani oili ya injini.

Kiowevu cha breki: kimiminika kinachopeleka nguvu ya kanyagio kwenye breki za magurudumu. Kisawe: breki fluidi.

Plagi ya joto: kifaa cha kupasha joto chumba cha mwako kabla ya kuwasha. Jina la gereji: hita plagi.

Plagi ya cheche: kifaa cha kutoa cheche katika injini ya petroli.

Nozeli: kifaa cha kupuliza dizeli katika silinda. Baadhi ya mafundi husema nozo.

Pampu ya nozeli: pampu inayopima dizeli na kuisukuma kwa shinikizo kubwa kwenda kwenye kila nozeli.

Pampu ya mkono: pampu ndogo ya kutolea hewa.

Chujio la dizeli, chujio la oili, chujio la hewa: vifaa vitatu tofauti. Neno chujio lisiachwe peke yake.

Shinikizo la oili: nguvu inayoisukuma oili kupita katika injini. Litofautishwe na kiasi cha oili, ambacho hupimwa kwa kijiti injini ikiwa imezimwa.

Kutoa hewa: kuondoa hewa katika mabomba ya dizeli au ya breki.

Kuchemsha: hali ya maji ya rejeta kupita kiwango cha joto. Watu husema gari limechemsha, na usemi huo unafaa kuingizwa katika vijitabu kama ulivyo.

Hitimisho

Mifano iliyotolewa inaonyesha kwamba ubora wa istilahi ya ufundi hautegemei kuwa ni ya kukopa au ya asili. Plagi ya joto imeundwa, oili imekopwa, kutoa hewa limetokana na maneno ya kila siku, na yote yanafaa kwa sababu moja: watu wawili wakiyafuata, watatenda jambo moja. Katika mafuta ya breki, neno mafuta ni la asili, ila istilahi hiyo haifai kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo wafasiri wanaombwa, kabla ya kukamilisha kijitabu chochote cha mitambo, wampelekee fundi mmoja na dereva mmoja wakisome, kisha waulizwe watafanya nini. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa wawaruhusu wanafunzi kutaja majina ya gereji darasani na kuyaandika pamoja na majina sanifu. Watumishi wanaotayarisha nyaraka za ununuzi na ukaguzi wanaombwa wasitumie neno mafuta peke yake mahali ambapo vimiminika viwili au zaidi vinahusika.

Aidha, orodha hii imetokana zaidi na matumizi ya Tanzania. Huko Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, ambako ufundi wa magari ulifuata Kifaransa, dizeli huitwa mazutu, na bila shaka yapo majina mengine mengi yasiyojulikana Dar es Salaam au Mombasa. Wasomaji walio karibu na mafundi wa zamani wanaombwa wayakusanye majina hayo na kuyaleta, kila moja likiwa na maelezo ya kifaa chenyewe na kazi yake. Magari haya yataendelea kwenda kwa miaka kadhaa ijayo. Mafundi waliotufundisha kuyaita kwa majina hawatakuwapo siku zote.